Chungu Nilichokifukiza

Miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi kila mmoja na mzani wake, mume wangu alichoka kubembelezana nao, akachimba bwawa la kambale nyuma ya nyumba. Alisema mmoja wetu, mimi au mke mdogo, ndiye atakayelisimamia. Nililitaka bwawa lile kuliko kitu chochote. Sikuwa na mtoto, na mwenzangu alikuwa amekuja juzi tu kutoka Malampaka, miaka yake yote iko mbele. Bwawa lingenipa sauti katika nyumba ile.

Bwana samaki alitufundisha kulisha vifaranga vya kambale. Unaloweka samadi ya ng'ombe na pumba za mpunga kwenye chungu mpaka maji yavurugike kwa bakteria wazuri. Kisha unatia vidudu wa maji, jamii ya kamba lakini wadogo kama chembe za chumvi, ambao tuliwachota lamboni kwa kanga. Vidudu wanakula bakteria na kuzaana, vifaranga wanakula vidudu. Mume wetu akatupa kila mmoja chungu chake. Atakayefuga vizuri, bwawa ni lake.

Nilicheka moyoni. Mke mdogo alikuwa mchafu. Vibuyu vyake vya maziwa vilinuka, vyangu nilivifukiza kwa kijiti cha moto mpaka maziwa yakawa na harufu ambayo wageni waliiulizia. Chungu nacho nikakifukiza vilevile, nikarudia tena, na kila asubuhi nikaengua povu kwa kata. Maji yangu yalikuwa safi kabisa. Vidudu wakafa wote.

Chungu chake kilinuka hadi njiani, na ndani walijaa vidudu wakirukaruka mpaka maji yakaonekana mekundu. Kila jioni mume wetu alichuchumaa pale, akachungulia, akacheka naye. Kwangu alipita akikohoa tu. Nilimchukia mwanamke yule hadi namna alivyofunga kanga.

Asubuhi moja akaja kunisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama, kisha akainamia chungu changu na kukinusa. Akauliza kama nimekifukiza. Nikamjibu kwamba chombo ni chombo, mimi sikulelewa jalalani. Hakukasirika.

"Moshi unaua wale bakteria, mayo. Ndiyo maana maziwa yako yanakaa. Humu tunataka maji yaoze."

Akaniletea chungu kingine, akamimina humo maji yake yanayonuka pamoja na vidudu. Nilitamani kukipiga teke, lakini bwawa nililitaka zaidi. Nikaongeza samadi, nikaacha povu lijae. Baada ya muda vidudu wangu walizidi wake, nami nikaanza kupita mbele ya mlango wake taratibu, nimeinua shingo.

Mume wetu alipotuita kuamua, mke mdogo alimtangulia kusema.

"Bwawa mpe mayo. Mimi kuinama sasa siwezi."

Alikuwa ameweka mkono tumboni. Mume wetu alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi, akasahau kabisa kwamba nami nimesimama pale.

Nikapewa bwawa. Jioni ileile nilikwenda kulisha vifaranga, na nyuma yangu, uani, nikawasikia wanachagua jina.