Jangwa la Kasekese

Wapiga picha wa mandhari ni watu wa ajabu, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Tunasafiri siku nzima kwenda mahali penye watu, ng'ombe, mihogo na nyumba za bati, kisha tunahangaika kuhakikisha hakuna hata kimoja kinachoonekana. Jani likichungulia pembeni tunaling'oa. Mtu akipita tunasubiri apotee. Halafu tunarudi Dar es Salaam na kuwaambia watu tumeona upweke.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilirudi Katavi kwa kazi ya namna hiyo. Hoteli moja ya pwani ilikuwa na picha zangu mbili ukutani kwa miaka zaidi ya kumi: moja ya ziwa lililokauka ndani ya hifadhi, nyingine ya korongo jekundu la Kasekese, lililo kando ya shamba la mama yangu. Chini ya zote mbili wameandika "Jangwa". Sasa walitaka nyingine za mahali palepale, kubwa zaidi. Katavi hakuna jangwa. Ziwa lile masika hujaa mpaka barabara inakatika, lakini nani alijali? Nilishinda siku mbili kwenye tope lililopasuka, nikiwakwepa viboko waliobanana kwenye dimbwi la mwisho. Mtu akimwona kiboko atajua yapo maji, na maji yangeniharibia jangwa langu.

Mama alishafariki. Shamba sasa analilima dada yangu mkubwa. Nilipofika kwake na mabegi ya kamera, hata kukaa hakunikaribisha.

"Ile picha ya korongo bado unayo?" aliuliza.

Nilikuwa nayo kwenye simu. Natembea nayo kila mahali, kama wenzangu wanavyotembea na picha za watoto wao.

Akanieleza. Korongo limeshakula nusu ya shamba, pamoja na choo. Lilianza kama njia ya ng'ombe wa jirani, waliopita kwenda mtoni kwa mstari mmoja, kila siku palepale, mpaka maji ya mvua yakaifuata njia na kuichimba. Jirani, mfugaji mwenye heshima zake, anasema korongo ni la asili na ng'ombe wake walilikuta. Baraza la kijiji lingekaa kesho yake kuamua. Likikubali kwamba ni njia, ng'ombe watahamishiwa juu kwenye mawe kabla ya mvua. Likisema ni la asili, watabaki hapohapo, na shamba lililobaki litakwenda na maji.

"Wewe ulilipiga likiwa dogo," alisema. "Wakiliona tu, maneno yameisha."

Mtu mwenye akili angemwonyesha picha palepale. Mimi nilirudi Mpanda mjini kuisafisha kwenye karatasi kubwa, maana nilitaka wajumbe waione kazi yangu vizuri. Nilikwenda kutetea shamba la marehemu mama yangu na bado nikawaza habari ya sifa.

Asubuhi, ofisini kwa kijiji, picha ilipita mkono kwa mkono. Kuta nyekundu zilipanda mpaka mbinguni. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliisogeza mbali na macho kisha akaisogeza karibu.

"Hili si linameza lori?" aliuliza.

Jirani aliitazama bila haraka. "Mnaona nyie? Wakati huo ng'ombe wangu ndo kwanza wamefika. Sasa nani alilichimba?"

Dada alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile, na nilistahili.

Nikasimama kueleza. Nikasema korongo lilikuwa halifiki magotini, ila nililala kifudifudi ndani yake, nikaiweka kamera chini kabisa, na lenzi ikafanya mengine. Hakuna aliyenielewa. Mwenyekiti akasema nionyeshe. Nje, maji ya bati yalikuwa yamechora kimfereji ardhini kando ya ukuta wa ofisi, kina chake shubiri moja. Nikalala pale kwa tumbo, na suruali yangu ya mjini, baraza zima limenizunguka, nikapiga kwa simu. Nilipowaonyesha, kimfereji kilikuwa bonde la kutisha. Walicheka mpaka jirani naye akacheka.

"Kwa hiyo kazi yako ni kudanganya," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya, tupe basi ambayo haidanganyi. Yenye mtu, yenye mkonge wa mpakani, yenye chochote cha kupimia."

Niliwahi kuwa nayo. Siku ile, kabla sijalala chini, mama alikuwa anatoka kulima, jembe begani, akakatiza mbele ya kamera. Nikabonyeza bila kukusudia. Mguu wake mmoja ulikuwa ng'ambo hii, wa pili ng'ambo ile, na nyuma yake mikonge yote ya mpakani imejipanga. Korongo zima lilikuwa hatua moja ya mwanamke mfupi. Nilimpigia kelele kwamba ananiharibia. Akasema samahani mwanangu, akaenda kusimama juani mpaka nilipomaliza. Ile picha niliifuta palepale, mwenyewe akiniona.

"Sina," nilisema.

Mwenyekiti alikunja karatasi zake. Baraza likaamua kumsubiri mtaalamu wa ardhi kutoka wilayani, na mpaka afike, ng'ombe waendelee kupita walipozoea. Wote pale tulijua mvua itamtangulia. Jirani alimpa dada mkono kwa adabu, na dada akaupokea.

Njiani aliniuliza mbona nilikawia kumjibu mwenyekiti. Nikamwambia yote. Nilingoja anitukane, ningepata nafuu. Alinitangulia mpaka tukaliona bati la nyumba yake.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Nilijaribu kukumbuka. Niliweza kumwambia mwanga ulitoka upande gani, na udongo ulikuwa mwekundu kiasi gani. Cha mama sikukumbuka hata kimoja.