Naonja Kila Sahani ya Mume Wangu

Admin, nifichie jina, wakwe zangu wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Giheta, karibu na Gitega. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tuliporudi nikaolewa na fundi cherehani wa Muyinga, mtu mpole. Miaka ya karibuni akaanza kuharisha bila kukoma. Akila kidogo tu, uso unawaka moto na moyo unamwenda mbio. Mama yake akatoa hukumu hapohapo: "Mutoto wangu amelishwa sumu. Na ni nani anamupikiaka?"

Kwetu mwenye kukaribisha pombe huonja kwanza, mgeni aone haina kitu. Basi mama mkwe akaamuru nionje kila sahani ya mume wangu. Uji, maharage, hata maji. Wakampeleka kwa mganga atapike hiyo sumu, akarudi mifupa mitupu. Na mimi naonja tu. Nimechoka jamani.

Mwishowe nilimpeleka hospitali Gitega. Baada ya vipimo daktari akatueleza kuwa ni saratani, ilianzia kwenye utumbo na imeshafika kwenye ini. Ndiyo inayomharisha na kumuwasha uso, si sumu. Alisema ni aina inayokwenda polepole, na Bujumbura wapo wanaoweza kuukata ule uvimbe wa utumbo na sehemu ya ini. Huenda wasimalize yote, lakini atapata nafuu na anaweza kuishi miaka. Hatari ya kufia kwenye meza ya upasuaji ipo, hakutuficha.

Mama mkwe alipopigiwa simu alipiga kelele: "Mi sitaki apasuliwe! Akifia kwa kisu, ni we umemumaliza!" Mume wangu naye ananiambia, "Mi nimekuachia we. Ukisema twende, tutaenda."

Nikisema twende akafa, hata kumzika Muyinga hawataniruhusu. Nikinyamaza, ini linaendelea kuliwa.

Siku ile mbele ya daktari mume wangu alisema kwa kinywa chake, "Docteur, nimeamini, haiko sumu." Nililia kwa furaha. Tulipofika nyumbani nikapika ndizi na maharage, nikamtengea, nikakaa pembeni nipumzike.

Hakugusa kijiko. Alinitazama tu kwa upole wake uleule, chakula kikaanza kupoa, mpaka nikanyanyuka nikaonja.

Mtu huyu ndiye anataka niamue kuhusu uhai wake. Ndugu zangu, nimwambie twende? Nishaurini, mwenzenu nimeishiwa nguvu.