Chakacha ya Bi Mejumaa Iliyochezwa Mara Mbili

Esha Chirau wa Ukunda hupiga picha kwenye sherehe za kina mama, zile ambazo wanaume hawakanyagi na simu za wageni hukusanywa mlangoni. Humo ndani mabuibui huvuliwa, mashangazi hulegeza viuno, na atakayeziona picha baadaye ni bi harusi na jamaa zake tu. Kwa miaka yote ya kazi hiyo, hakuna picha yake hata moja iliyowahi kuvuja. Ndiyo maana kila aliyemshauri aweke nakala mahali pengine alijibiwa vilevile: picha za wake wa watu hazitembezwi. Zilikaa kwenye kompyuta yake, na yeye akalala usingizi wake mzuri.

Kisha ikaja harusi ya Husna, kule Msambweni. Siku ya kina mama, nyanya yake, Bi Mejumaa, ambaye magoti yalikuwa yamemweka kitini tangu mwaka jana, aliinuka ghafla, akaomba afungwe leso kiunoni, akaingia uwanjani. Alicheza chakacha mpaka wapiga ngoma wakapokezana. Wanawake walipiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Esha alirekodi yote huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Siku mbili baadaye aliketi sebuleni kwake kuikata na kuiunga video ile. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta na kuijaza sherehe nyingine. Mezani palikuwa na kompyuta, kikombe cha chai ya maziwa na sahani ya mahamri, na dirisha alikuwa ameliacha wazi, jambo ambalo mkaazi wa Ukunda hapaswi kulisahau. Tumbili aliruka ndani, akakwapua hamri, na alipogeuka kukimbia mkia ukakikumba kikombe. Chai yote ikamwagikia kompyuta. Kioo kikamemeteka, kikazima. Tumbili akaketi juu ya ukuta wa uani akila taratibu, kama aliyealikwa.

Esha aliifunga kompyuta ndani ya kanga, akaenda nayo mbio kwa Samuel, fundi kutoka bara aliyefungua duka karibu na soko.

"Usijali madam, nitaicheki," Samuel alisema. "Bakapu je, uko nayo?"

"Nakala ninayo. Kila kazi huiweka mara mbili."

"Poa sana! Iko wapi?"

"Humo humo ndani ya kompyuta."

Samuel alimtazama, akaitazama kanga inayodondosha chai, akajizuia kucheka. Esha mwenyewe ndiye aliyeangua kicheko kwanza.

Samuel aliitoa diski, akaisafisha, akahangaika nayo mpaka jioni ya siku iliyofuata. Picha zote zilipona. Video ya chakacha, iliyokuwa wazi chai ilipomwagika, haikufunguka. Alijaribu kila njia aliyoijua, mwisho akatikisa kichwa.

Esha angeweza kunyamaza, akapeleka picha na kutumaini hakuna atakayeuliza. Lakini moyo haukumpa. Alipanda gari akaenda Msambweni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Esha alieleza bila kuficha: dirisha, chai, nakala iliyokuwa ndani ya kompyuta ileile. Husna, aliyekuwa ameketi kando ya nyanya yake, alikaza midomo.

"Ina maana haipo kabisa?"

"Haipo, mdogo wangu. Na kosa ni langu, si la tumbili. Niwieni radhi."

Halafu mabega ya Bi Mejumaa yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso.

"Hiyo chai, je, ilimwagikia miguu yangu?"

"La, bibi."

"Basi kuna msiba gani? Husna, niitie wale wapiga ngoma."

Wakakutana tena Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, uani kwa Bi Mejumaa. Hapakuwa na mapambo wala pilau, ila majirani, ngoma na juisi ya ukwaju. Siku ya sherehe Husna alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha bi harusi, macho chini, hata kucheka hakuruhusiwa. Safari hii alijifunga leso, akaingia uwanjani bega kwa bega na nyanya yake. Bi Mejumaa alimwonyesha namna ya kuzungusha kiuno bila kutikisa mabega, akimkaripia kila alipokosea. Esha alirekodi kwa kamera mbili.

Alipotoka huko alirudi kwa Samuel, wakapanga. Kila kazi sasa huingia kwenye diski mbili zinazofungwa kwa neno la siri. Moja hukaa kabatini kwake, ya pili huenda Waa kwa shangazi yake, Shutu, na kadi ya kamera haifutwi kabla diski ya Waa haijafika. "Na usiseme unayo bakapu mpaka uifungue uone," Samuel alimwonya. Akamfanyisha mazoezi palepale: aliificha kompyuta ya Esha, aliyokuwa ameshaitengeneza, akampa ya kuazima, akamtaka airudishe harusi ya Husna kutoka kwenye diski. Esha alilisahau neno la siri mara ya kwanza, akatokwa jasho. Mara ya pili Bi Mejumaa alitokea kwenye kioo, kiuno kikienda, na Samuel akageuzwa haraka atazame ukutani.

Shangazi Shutu huiweka diski ndani ya sanduku lake la nguo, ufunguo shingoni. Kila Esha anapokwenda kuzijaribu picha, manung'uniko ni yaleyale.

"Yaani nilinde harusi za Kwale nzima, nisichungulie hata moja?"

"Hata moja, shangazi."

"Haya. Basi nialikwe."

Tangu hapo, sherehe zikiwa upande wa Waa, Shangazi Shutu hufika mapema kuliko mpiga picha mwenyewe.