Kitenge cha Mama Mkwe Juu ya Maharagwe

Wakati ule tulikuwa tunakaa Albert Park, Durban, ghorofa ya nane, mimi na mke wangu. Kwenye kabati la jikoni tulikuwa na kopo la maharagwe ambayo hayakuwa ya kupika. Mama mkwe wangu alimpa mke wangu mbegu hizo siku binti yake alipoondoka kwao Uvira, pamoja na kitenge kimoja cha thamani. Yalikuwa maharagwe ya kutambaa, meupe, yenye doa jekundu kuzunguka jicho. Sijayaona sokoni popote Durban. Baadaye mama mkwe alifariki, shamba lake likachukuliwa na watu wengine, na mbegu zilizokuwa ndani ya kopo letu zikabaki ndizo zote.

Hewa ya Durban ina unyevu hata majira ya baridi. Mwaka mmoja, mwezi wa nane, nilifungua kopo nikakuta unga chini yake: fukusi. Nilizichambua mbegu moja moja mezani. Zilizobaki nzima zilijaa viganja viwili. Kuzihifadhi mwaka mwingine kulimaanisha kuwalisha fukusi, kwa hiyo tuliamua kuzipanda zote mara moja.

Rafiki yetu Mtanzania, aliyewahi kuuza simu chini ya jengo letu, alikuwa amehamia bara, kwenye vilima vya kuelekea milima ya Drakensberg, anafuga kuku. Alitupa kipande cha ardhi nyuma ya banda lake.

Tulipanda kwa kufuata joto la Durban. South Beach watu walikuwa wanaoga baharini, na kule juu siku tulipopanda upepo ulikuwa wa moto kama wa mlango wa tanuri. Kwetu mtu hutazama mvua kabla ya kupanda. Hakuna anayeiogopa baridi, kwa sababu haiui kitu. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vya bustani maktabani, vingi vya nchi za kaskazini, nikawa nageuza miezi yao ili ilingane na yetu. Kila kitabu kilionya juu ya umande unaoganda usiku na kuunguza miche michanga. Niliyasoma maonyo hayo kama habari za ugenini. Wala sikujua kwamba kule milimani upepo wa moto mara nyingi hutangulia baridi kali.

Miche ilikuwa imetoa majani yake ya kwanza rafiki yetu alipopiga simu, Jumamosi asubuhi.

"Kaka, leteni mablanketi. Huku hali imegeuka. Majirani wanasema kesho tutaamka na theluji."

"Theluji? Hapa Afrika?" mke wangu aliuliza, maana simu ilikuwa kwenye spika.

"Shemeji, hata mimi nilicheka. Sasa nimeacha."

Tulikusanya mashuka, mapazia na vitenge vilivyochakaa. Tulipofika, jua lilikuwa bado lipo lakini halikuwa na nguvu. Mke wangu alipiga magoti kwenye mstari wa kwanza, akachana kitambaa, akaanza kuuviringishia mche mmoja mmoja, shingoni na kichwani, kama anavyofungwa mtoto mchanga.

"Mama, hapana," nilimwambia. "Mtoto unamfunika kwa sababu mwili wake iko na joto. Haragwe halina joto lake. Joto iko kwenye udongo, ndilo tunataka kulifungia."

"Umejua lini hayo?"

"Nimesoma."

"Ulisoma hayo, halafu ukapanda mwezi wa nane?"

Rafiki yetu alicheka mpaka akashika ukuta wa banda. "Kaka, chukua ndoo."

Nilichukua ndoo. Tulimwagia udongo maji jua likiwa bado juu yake, kwa sababu udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Tulikata fito za miti ya miwati, tukazipinda juu ya mistari kama mbavu, tukatandika vitambaa juu yake hadi chini na kukandamiza pindo kwa mawe. Kitambaa hakikutakiwa kugusa jani. Mashuka yalikwisha, mapazia yakafuata. Mstari mmoja tuliufunika kwa mifuko ya plastiki ya chakula cha kuku, tukiilaza moja kwa moja juu ya miche kwa kuwa fito zilikuwa chache. Mstari wa mwisho ukabaki wazi.

Mke wangu alifungua begi lake, akatoa kitenge cha mama yake. Sikujua kwamba amekibeba. Kilikuwa kizima, hakijawahi kukatwa wala kushonwa. Kwao kitenge cha mama hukunjwa na kuwekwa. Hufunguliwa siku ya jambo kubwa, kikakunjwa tena.

"Hicho hapana," nilisema.

"Mama alinipa vitu viwili," alijibu. "Hiki kinaweza kufuliwa."

Alikikunja mara mbili ili kiwe kizito, tukang'oa fito chache kutoka mistari mingine, tukazipinda pale na kukitandika juu yake.

Asubuhi vilima vyote vilikuwa vyeupe. Theluji yenyewe ilikuwa ya majimaji, nzito, na mashuka mengine yalikuwa yamelala chini pamoja na fito zake. Nilitaka tungoje iyeyuke. Mke wangu hakungoja. Aliingiza mkono chini ya kila kitambaa akakipiga kwa ndani, theluji ikaanguka pembeni. Jua lilipopasha, tukafunua. Chini ya mifuko ya plastiki, kila jani lililogusana nayo lilikuwa jeusi, laini, kama mboga iliyopikwa. Chini ya mashuka na mapazia ilibaki miche hapa na pale. Mstari wa kitenge ulikuwa umesimama karibu wote, ingawa upande wa upepo nao ulikuwa umeungua.

Zaidi ya nusu ya shamba ilikufa. Iliyobaki ilitambaa, ikachanua, na mwanzoni mwa mwaka tukavuna mbegu nyingi kuliko zile tulizopanda.

Kitenge hakikutakata. Magome mabichi ya miwati yalikuwa yametoa rangi ya kahawia, nayo ilikuwa imeingia katikati ya kitambaa kwa mistari, kama mbavu zilezile. Mke wangu alikifua kwa sabuni, kwa ndimu, akakianika kwenye balkoni, akakifua tena. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, lakini siku moja nilimkuta ameketi sakafuni na mkasi. Alikata sehemu yote yenye madoa, akashona vifuko. Kimoja alikijaza mbegu akampelekea rafiki yetu, kingine akampa mama mmoja wa kanisani anayelima karibu na Overport, vingine tukabaki navyo.

Vipande viwili visivyo na doa aliviunga vikawa sketi. Jumapili alipoivaa kanisani mara ya kwanza, mtu alimuuliza kwa nini mshono umepita mahali pale.

"Katikati iko kwenye maharagwe," alisema, akaendelea kuimba.