Aliyemwaga Chumvi Bwawani

Eustaki alimwaga chumvi kwa mikono yake mwenyewe, magunia mawili mazima. Kesho yake akasimama sebuleni mbele ya watu kumi na saba wa jumuiya akasema aliyemwaga ni mke wake. Huo ndio ubaya uliofanyika katika nyumba ile ya Majengo, Sumbawanga, na mengine yote ni habari ya namna walivyofika hapo.

Mke mwenyewe anaitwa Silvana, mama yake Faith. Hakusoma. Wenzake walipopelekwa shule yeye alipelekwa kwenye matuta ya ulezi, huko vijiji vya kuelekea Laela, na mpaka leo hajui herufi hata moja. Lakini alikuwa na kitu chake. Kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye komunyo ya kwanza, wanawake wa jumuiya walikuwa wakipika kila mtu kwa nafasi yake, ila chumvi walimwachia Silvana. Sufuria la watu mia mbili alilitia mara moja tu, kwa kiganja, bila kuonja, na hakuna aliyewahi kuomba aongezewe.

"Huyu ana mzani mkononi," Cornelia, jirani yake, alikuwa akisema. "Akifa tutamkata kiganja tubaki nacho jikoni."

Eustaki ni dereva. Anapeleka mahindi Dar es Salaam na kurudi na saruji na mabati. Siku alipomposa alimwahidi kumpeleka akaione bahari. Mwaka wa kwanza mimba ikazuia, mwaka wa pili msiba, halafu ikawa kilimo, halafu ikawa mazoea. Miaka ishirini na mbili ikapita hivyo. Kisha mwaka juzi, alipokuwa anakunywa uji asubuhi, akaweka kikombe chini.

"Mama Faith, bahari nimekukosesha sana. Wewe huendi, najua. Basi nitaileta."

"Utaileta na nini, baba? Na ndoo?"

"Na lori."

Silvana alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eustaki hakucheka. Alikuwa ameona kwa tajiri mmoja huko Dar, bwawa la maji ya chumvi ndani ya nyumba, samaki wa baharini wanazunguka huku watu wanakunywa chai, na tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine.

Chumba kilichotakiwa kilikuwa ghala la Silvana, lile lililopakana na sebule. Hakuna aliyemlazimisha. Alilihamisha mwenyewe: magunia ya mahindi chini ya vitanda, mbegu ya ulezi aliyoachiwa na mama yake akaitundika jikoni juu ya moshi. Alitoa ghala lake kwa furaha. Hilo analikumbuka kuliko yote, na ndilo linalomuuma.

Fundi alikuwa Masanja. Alizunguka chumba kile mara tatu, mkono kiunoni.

"Mzee, mimi nimejenga vyoo, nimejenga mpaka kanisa. Bahari ndiyo ya kwanza. Nikikosea mtazama wote humu."

Akajenga kwa matofali, nondo na zege, hatua nne kwa tatu, kina cha kumfika Silvana kiunoni. Ukuta wa upande wa sebule aliuachia dirisha la kioo kinene. Bwawa lilipokauka wakalijaza maji ya bomba na kuyamwaga, mara tatu, ili ukali wa saruji utoke. Ndipo maji yenyewe yakaanza kuja. Lori lilishuka na mahindi, likapanda na matangi mawili ya lita elfu elfu. Safari nne. Siku bwawa lilipojaa Silvana alichovya kidole, akakilamba. Ilikuwa kama mchuzi uliozidiwa chumvi na mtu mvivu. Machozi yakamtoka, mwenyewe hakujua kwa nini.

"Karibu baharini," Eustaki akamwambia, na akamshika bega mbele ya fundi, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Samaki walikuja safari ya tano, ndani ya mapipa yenye pampu ya hewa inayotumia betri, siku mbili barabarani. Walitoka ishirini, wakafika kumi na wanne: tasi tisa, vitatange wanne wenye rangi kama vitenge vya sikukuu, na chewa mmoja mwenye mdomo mpana aliyetazama watu kama ofisa wa kilimo aliyekuta shamba lina magugu. Silvana akamwita Bwana Shamba.

Eustaki alikaa nyumbani siku mbili, akaondoka. Aliyebaki na bahari ni Silvana. Umeme ulipokatika, pampu ikanyamaza, yeye alichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, saa nzima, saa mbili, mpaka mkono ukafa ganzi. Juni baridi ya Sumbawanga ilipoanza na hita moja ikashindwa, alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga vizuri na kuziacha zielee bwawani, akizibadilisha kila zilipopoa. Dagaa wa Kirando aliwaloweka watoke mchanga, akawakata vipande kwa ajili ya samaki wadogo. Bwana Shamba alikula dagaa mzima mkononi mwake, na siku akichelewa alikuja kugonga kioo kwa mdomo.

Kulikuwa na kipimo cha chumvi, kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachosimama wima majini. Namba zake Silvana hakuzijua. Eustaki alichukua rangi ya kucha ya Faith, akachora mstari mwekundu.

"Mstari ukiwa sawasawa na uso wa maji, bahari ni nzima. Ukizama, chumvi imepungua. Ukipanda juu ya maji, imezidi. Umeelewa, mke wangu?"

Alielewa. Tena alielewa na lingine ambalo hakuambiwa. Maji yaliposhuka kidogo, mstari ulipanda. Akafikiria sufuria la maharage: likikauka motoni, kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki pale pale. Basi akawa anakinga maji ya mvua kwenye bati na kuongeza ndoo moja moja, na mstari ukarudi mahali pake. Miezi yote ya mvua alifanya hivyo na hakufa samaki hata mmoja.

Eustaki alipojua alikasirika.

"Unaweka maji ya mvua kwenye bahari? Wewe mama! Utaichakachua."

"Lakini mstari uko sawa, baba Faith. Tazama mwenyewe."

"Nani amekwambia? Umesoma wapi?"

Tangu siku hiyo Silvana hakuongeza tena ndoo.

Agosti upepo wa uwandani ulianza, ule mkavu unaopasua midomo. Maji yakashuka, kidole kimoja, viwili, kiganja kizima. Eustaki akija anaongeza maji ya bahari kutoka tangi la akiba, na mstari mwekundu unazidi kupanda. Silvana alimwonyesha. Eustaki akasema kipimo kimeharibika.

Septemba ikafika zamu ya nyumba yao kupokea jumuiya. Sala inazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi, na kwao ilikuwa haijafika tangu bahari ije. Majengo nzima ilikuwa ikiuliza. "Silvana, tuje na ugali tuchovye?" walimtania sokoni. "Bahari yenu ina mamba?" Eustaki alitaka maji yafike ukingo wa vigae watu watakapoingia. Ijumaa mchana tangi la akiba lilikuwa tupu. Akarudi kutoka dukani na magunia mawili ya chumvi aliyoyafunga kamba mabegani, na dada yake Bertha nyuma yake.

"Nini hicho?" Silvana aliuliza.

"Bahari."

"Baba Faith, nakuomba. Mboga ikikauka jikoni hatuongezi chumvi, tunaongeza maji."

Eustaki akamtazama dada yake, wakacheka wote wawili.

"Wifi, hii ni bahari, si maharage," Bertha akasema.

Bertha ndiye aliyeshika mdomo wa gunia. Eustaki alikoroga kwenye mapipa kwa maji ya bomba, pipa baada ya pipa, akayamimina mpaka yakafika kwenye vigae. Silvana alisimama mlangoni na ndoo yake ya maji ya kisima mkononi. Alisimama nayo mpaka walipomaliza.

Kabla jua halijazama vitatange walikuwa wanahema juu ya maji. Asubuhi samaki wote walikuwa wameelea, wamefunikwa na utelezi mweupe. Bwana Shamba peke yake alikuwa bado na uhai, ubavu juu, kinywa wazi. Silvana aliingiza mkono akamshika chini ya tumbo. Samaki akamtazama kwa jicho moja, kisha akatulia kabisa.

Hakukuwa na muda hata wa kuwatoa. "Tumsifu Yesu Kristo," sauti ya Mzee Polikarp, mwenyekiti wa jumuiya, ilikuwa tayari mlangoni. Watu waliingia na tasbihi na vitabu vya nyimbo, na macho yote yakaenda kwenye kioo. Mtoto wa mtu akauliza, "Mama, wamelala?"

"Kulikoni, Eustaki?" Mzee Polikarp akauliza.

Silvana alimtazama mumewe. Hakuwa na wasiwasi. Alijua atasema, Wazee, nimekosea, na watu watampa pole, maana kukosea ni kwa kila mtu.

"Ni huyu mama," Eustaki akasema. "Ameweka chumvi. Nilishamkataza kugusa maji, hasikii. Niliwahi kumkuta anamimina ya mvua. Sasa mtu asiyejua kusoma kipimo, utamfanyaje?"

Bertha alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akainamisha kichwa, akaanza kutafuta ukurasa wa wimbo.

Silvana hakusema. Watu wanamuuliza mpaka leo kwa nini, na jibu ni rahisi: mke hamwaibishi mume mbele ya wageni waliokuja kusali. Alidhani mumewe atasahihisha baada ya sala, kisha baada ya chai. Watu wakanywa chai, wakaondoka. Cornelia akamfinya mkono mlangoni. "Pole, mwenzangu. Mkono umekusaliti."

Wiki ile sokoni, pale anapouza ulezi, walianza kumwita Mama Chumvi. Hilo angelistahimili. Kilichomvunja ni msiba wa Mzee Adriano, mwezi uliofuata. Alikwenda na kisu na kanga yake kama siku zote, akakaa karibu na sufuria kubwa la maharage. Yalipoiva akanyoosha mkono kuchukua bakuli la chumvi. Cornelia alilivuta upande wake, taratibu, kama anayemwondolea mtoto kiberiti.

"Wewe mama Faith, tusaidie vitunguu leo."

"Cornelia."

"Ni watu wengi, dada. Tusije tukapata aibu."

Mmoja akasema nyuma, "Hawa wafiwa wana uchungu wa kutosha," na wengine wakacheka kwa viganja vinywani. Silvana alikata vitunguu. Usoni machozi yalikuwa na kisingizio.

Bwawa lilimwagwa Novemba. Eustaki alitoboa bomba la chini, maji yakatoka uani, yakapita kwenye bustani ya mchicha ya Silvana. Udongo ukabaki na ukoko mweupe, hapaoti kitu mpaka sasa. Siku hiyo wakiwa wawili tu, yeye anafagia matumbawe yaliyopamba sakafu ya bwawa, Silvana akamuuliza bila kupandisha sauti.

"Baba Faith, nani alimwaga chumvi?"

Alifagia kwanza.

"Ni mimi. Najua ni mimi."

"Basi waambie."

"Mama Faith, nifikirie. Mimi napewa mzigo wa watu. Wakisikia nimeua samaki wangu mwenyewe kwa ujinga, nani ataniamini na mahindi yake? Wewe ni mtu wa jikoni tu. Yatapita."

Mtu wa jikoni tu. Alikuwa amechukua kitu kimoja alichokuwa nacho mkewe, na hakujua hata kwamba kilikuwa kitu. Silvana akamtazama usoni, akamtafuta yule mtu aliyechora mstari kwa rangi ya kucha ili mke wake asiyesoma apate kusoma. Hakumwona.

"Utawaambia lini?"

"Nikirudi safari hii."

Amekwenda na kurudi mara tisa. Bado wanakula meza moja. Silvana anampikia, na Eustaki hajawahi kusema chumvi imezidi wala imepungua. Ghala limerudi kuwa ghala. Magunia yamepangwa ndani ya kuta za zege, nyuma ya kioo, na mgeni akikaa sebuleni anatazamana na mahindi. Kipimo kiko kwenye kabati la vyombo, na mstari wake mwekundu haujafutika.

Zamu ya jumuiya itarudi kwao Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Mzee Polikarp atakuwepo, na Cornelia, na wale wengine wote walioketi siku ile. Bertha anadaiwa kuinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha nyimbo na kusema aliyoyaona alipokuwa ameshika gunia. Lakini wa kwanza ni Eustaki. Anadaiwa kusimama palepale aliposimama, mbele ya watu walewale, kabla ya chai, na kusema maneno matatu: chumvi nilimwaga mimi. Hakuna mwingine anayeweza kumlipia.