Poda ya Makumi Sita na Tano

Juzi, kwenye dirisha la chuo kimoja hapa Lubumbashi, bibi mmoja alisimama na mjukuu wake wa kike kungoja matokeo, kopo la poda wazi mkononi, la kumwagia mwenye kufaulu.

"Iko na kumi na tatu juu ya makumi mbili," karani akasema.

Bibi akafunga kopo. "Na ile saba inapotelea wapi?"

Karani akamwonyesha mashine ya hesabu: 0,65.

"Zero!" Bibi akaketi chini.

"Kambo, ile ni makumi sita na tano juu ya mia!" mjukuu akamwambia bibi yake kwa kelele. "Minapita!"

"Si mungesema mia tangu mwanzo!"

Poda ikatupata wote: mjukuu, karani, na mimi niliyekuja pale kutafuta muhuri tu. Nilifika kazini mweupe pepepe. Wenzangu wote walinipongeza, na sikumsahihisha hata mmoja.