"Kila Siku" ya Kibirizi

Hapa Kibirizi, kando ya ziwa, neno "kila siku" halina uzito. Mteja akiuliza dagaa wanapatikana lini, wauzaji sote tunamjibu, "Kila siku, karibu!" hata kama vichanja vya kuanikia ni vitupu na juu yake wamelala paka. Mteja naye anajua. Anakuja, anakosa, anacheka, anarudi siku nyingine. Hakuna aliyedanganywa.

Ndiyo maana nilikaa na simu mkononi muda mrefu siku mama mmoja mwenye maduka Lusaka aliponiandikia kwa Kiingereza. Alikuwa ameonja dagaa wangu kwa jamaa yake, akawapenda. Alitaka kitu kimoja tu: nimwandikie nitamtumia mara ngapi, apange maduka yake. Kwangu huo ungekuwa mzigo wa kwanza kwenda nje ya nchi, na nilikuwa nimeutafuta tangu nauza kwa kopo la kisado.

Shoga yangu wa meza ya jirani, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, alichungulia juu ya bega langu.

"Andika every day. Kila siku! Hicho Kiingereza kila mtu anakijua."

"Na mwezi ukiwa mpevu?"

"Mwezi tena! Weye unauza dagaa au unauza mwezi?"

Asiyekaa kando ya ziwa hili aelewe: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikimulika ziwa lote, taa zetu hazimvuti hata mmoja, na mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Mimi hubishania bei mpaka mteja aombe kiti, lakini mbalamwezi haijawahi kunipunguzia.

Kiingereza changu ni cha sekondari, nilikisomea pale Gungu, na nimekitunza kuliko cheti chenyewe. Nikakumbuka kwamba maneno ya mara ngapi hukaa vizuri mwishoni mwa sentensi; ukiyachomeka katikati yanakwama kama mwiba kooni. Nikaandika: "I can send dagaa twice a week." Mara mbili kwa wiki. Nikapiga hesabu ya mitumbwi ninakonunua dagaa, nikairudia. Mara mbili naweza, mara tatu ningeongopa. Kisha: "We do not fish for about one week every month, because of the moon." Yaani kila mwezi, wiki moja hivi hatuvui, kisa mbalamwezi. Nikasoma, nikasoma tena, nikatuma.

"Umemfukuza!" shoga yangu akatangaza, meza zote zikasikia. "Mtu anataka mali, weye unampa likizo!"

Jioni hapakuja jibu. Asubuhi wenzangu wa meza wakanipokea: "Shikamoo, msemaji wa mwezi." Nikaitikia marahaba, uso mkavu. Nikaanza kujiuliza kama "every day" ingekuwa dhambi kubwa kiasi hicho.

Mchana simu ikalia. Nikasoma kwa sauti, huku nikiwatafsiria. Mama wa Lusaka aliuliza: ni wiki ipi hiyo? Aliyekuwa akimuuzia zamani alimwandikia "every day", na mara kwa mara wateja wake walikuta rafu tupu, naye hajui sababu. Sasa ataagiza zaidi kabla mbalamwezi haijaanza. Halafu akajaribu bahati yake: "Three times a week?"

Nikamtajia wiki ya mwezi mpevu, kisha nikajibu: "Twice a week." Nukta niliibonyeza kwa nguvu. Akakubali.

Leo mwezi ni mpevu. Mitumbwi imevutwa mchangani, paka wamerudi kwenye vichanja. Simu ya shoga yangu inaita na kuita, wateja wanaulizia mali ya kila siku. Ameilaza kifudifudi juu ya meza. Yangu imeleta ujumbe mmoja, kutoka Lusaka: dagaa bado wapo, nipumzike vizuri. Nimemwonyesha kila aliyepita, wengine mara mbili.

"Basi niandikie na mimi," shoga yangu akasema, akisogeza kigoda.

"Nikuandikie nini?"

"Hivyo hivyo vya kwako. Twice, twice." Akaigeuza simu yake. "Lakini huo mwezi uuandike kwa herufi ndogo."